Uzamili: nichague uchakataji wa picha au michoro ya kompyuta?

Pikseli_Pweke:

Habari za muda huu wanajukwaa. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika sayansi ya kompyuta; nimemaliza masomo ya darasani na sasa natakiwa kuwasilisha pendekezo la utafiti. Msimamizi wangu ameniachia nichague kati ya uchakataji wa picha za kidijitali na michoro ya kompyuta. Ninachokipenda zaidi ni kuondoa chenga (vidoadoa vya kubahatisha) kwenye picha, lakini kila nikisoma machapisho naona kama kazi imekwisha: kuna vichujio vya zamani, kuna mbinu ya BM3D ya mwaka 2007, na sasa kuna mitandao ya neva (programu zinazojifunza kutokana na mifano) ambayo kuifunza kunahitaji kadi za michoro nyingi kuliko nitakazoweza kupata. Kwa upande wa michoro, hisabati ya mwanga inanivutia na kunitisha kwa pamoja. Je, mtu mwenye kompyuta moja ya kawaida anaweza kutoa mchango wa kweli, na je, uchaguzi huu una uzito kiasi hicho? Naomba kuwasilisha.

Mwale_Uliopinda:

Ndugu mleta mada, nitaanza na swali lako la pili, kwa sababu likishajibiwa la kwanza linakuwa jepesi. Uchakataji huipokea picha iliyokwisha kuwapo na kuirekebisha au kuichunguza, ilhali michoro huanza na maelezo ya maumbo, nyenzo na taa, kisha kuzalisha picha kutokana nayo. Nyanja hizo hukutana pale pale palipokupendeza, yaani kwenye chenga.

Mwaka 1986 James Kajiya alichapisha mlinganyo unaoeleza jinsi mwanga unavyosambaa kutoka uso mmoja hadi mwingine katika mandhari nzima. Kwa kuwa mlinganyo huo hautatuliki moja kwa moja isipokuwa katika hali sahili mno, programu hukadiria jibu lake kwa njia ya Monte Carlo: kutoka kila pikseli hurushwa miale kadhaa kwa mielekeo ya kubahatisha, na wastani wa mwanga unaopatikana ndio unaokuwa thamani ya pikseli hiyo. Miale ikiwa michache, wastani huyumba, na kuyumba huko ndiko tunakokuona kama chenga. Ubaya wake ni kwamba chenga hupungua kwa kufuata kipeuo cha pili cha idadi ya sampuli. Ukitaka kuzipunguza kwa nusu huna budi kurusha miale mara 4, na ukitaka zibaki sehemu moja ya kumi, mara 100. Ndiyo maana hata studio zenye kompyuta chungu nzima husimamisha ukokotoaji mapema na kukikabidhi kichujio kazi iliyobaki.

Sasa tazama unachokipata huku ambacho mwenye kamera hanacho. Picha iliyopigwa gizani haina nakala yake safi, na mtafiti hulazimika kuitengeneza kwa hila. Picha iliyozalishwa, kwa upande mwingine, unaweza kuiachia kompyuta usiku kucha ikusanye maelfu ya sampuli, na asubuhi ukawa na picha rejea ya kulinganishia. Zaidi ya hapo, programu inajua, kwa kila pikseli, uso umeelekea wapi, una rangi gani ya asili na uko umbali gani na kamera. Blender, ambayo haina malipo, hutoa data hizo kupitia injini yake ya Cycles. Kichujio kinachotazama rangi peke yake hushindwa kujua kama mstari hafifu ni ukingo wa meza au ni bahati mbaya ya sampuli. Kikiruhusiwa kutazama mwelekeo wa uso, ukingo huo kinautambua hata rangi zikiwa zimevurugika kabisa.

Kwa hiyo usishindane na maabara kubwa kutafuta mtandao wa neva unaowapita wote. Uliza swali dogo lenye meno: taarifa hizi saidizi hupotosha lini? Nyuma ya kioo, kwa mfano, mwelekeo unaorekodiwa unaweza kuwa wa kioo chenyewe wala si wa kilicho nyuma yake, na kwenye sehemu zilizo nje ya fokasi taarifa hizo nazo huwa na chenga. Au chukua tatizo la vimulimuli, yaani pikseli moja moja zinazong'aa kupita kiasi. Tuseme pikseli moja ina sampuli 64. Sampuli 63 zimerudisha 0.1, na moja, iliyofika kwenye taa kwa njia ya nadra, imerudisha 50. Wastani unakuwa takriban 0.88, na doa jeupe linachomoza katikati ya ukuta wenye kivuli. Ukiikata sampuli hiyo picha inapendeza, lakini umeondoa mwanga ambao kihalali ulikuwa sehemu ya mandhari, hivyo umepunguza kuyumba kwa kuingiza upendeleo, yaani kosa linaloelemea upande mmoja. Kwa maoni yangu, ukate kiasi gani, wapi, na kwa kigezo kipi ni swali linaloweza kubeba tasnifu nzima ya uzamili bila kuhitaji zaidi ya kompyuta uliyonayo.

Tasnifu_Kwanza:

Mimi ningeangalia kwanza msimamizi amechapisha katika nyanja ipi miaka ya karibuni. Mada nzuri ambayo msimamizi haifahamu itakuacha ukijisimamia mwenyewe.

Kingo_na_Kivuli:

Nakubaliana na Mwale_Uliopinda kuhusu mada, ila naomba niongeze suala la upimaji, maana huko ndiko mapendekezo mengi yanakokwama mbele ya jopo.

Wengi huripoti PSNR (kipimo cha jinsi picha inavyoikaribia picha rejea; ikiwa kubwa, kosa ni dogo) na kuishia hapo. Kwa picha ya biti 8, PSNR ya desibeli 30 maana yake wastani wa mraba wa kosa ni takriban 65. Ukiongeza mwangaza wa kila pikseli kwa ngazi 8, kosa linakuwa 64 na PSNR inabaki 30, ilhali mtazamaji huenda asitambue chochote. Kosa la ukubwa huo huo likirundikana kwenye nyuzi za kitambaa au kwenye nywele, picha inaonekana imepakwa nta. SSIM, kipimo kingine cha kufanana kwa picha, iliyochapishwa mwaka 2004, ilibuniwa ili kuzingatia muundo, lakini nayo isimame pamoja na picha zenyewe zilizokuzwa mahali penye shida, si peke yake.

Jambo la pili ni nafasi ya rangi. Thamani 128 katika sRGB, mfumo wa kawaida wa kusimba rangi kwa namba 0 hadi 255, si nusu ya mwanga. Ni takriban asilimia 22. Ukichukua pikseli nyeusi na nyeupe na kutafuta wastani wa mwanga wenyewe, jibu katika sRGB ni 188, lakini ukizijumlisha namba zilizosimbwa na kugawanya kwa mbili unapata takriban 128, ambayo ni giza kupita kiasi. Kwa hiyo zihifadhi picha zako kwa OpenEXR, aina ya faili inayotunza thamani za mwanga zenyewe, badala ya PNG ya biti 8, na useme wazi kwenye tasnifu kosa limepimwa kabla au baada ya usimbaji. Bila maelezo hayo namba zako hazilinganishiki na za mtu yeyote.

Zaidi ya hayo, tenganisha data za kufunzia na za kujaribia kwa mandhari, wala si kwa vipande vya picha, kwa sababu vipande viwili vya ukuta mmoja ni ndugu wa damu. Picha rejea nayo izalishwe kwa mbegu ya kubahatisha (namba inayoanzisha ubahatishaji) tofauti na ile ya picha yenye chenga. Na kama bado unafikiria kutumia ile picha maarufu ya mwanamke mwenye kofia, iitwayo Lenna, iliyokatwa kutoka gazeti la mwaka 1972, achana nayo: IEEE Computer Society, jumuiya ya wataalamu wa kompyuta, iliacha kupokea makala zenye picha hiyo tangu Aprili 2024.

Pikseli_Pweke:

Nawashukuru sana wakuu. Msimamizi wangu amechapisha zaidi kwenye uchakataji, kwa hiyo mada ya makutano inaelekea kumfaa. Nimesoma pia kuhusu Noise2Noise ya mwaka 2018, ambapo mtandao hufunzwa kwa jozi za picha zenye chenga bila picha safi. Je, njia hiyo itaniondolea usiku wa kuzalisha picha rejea?

Mwale_Uliopinda:

Kwa kufunza, inaweza. Kwa kupima, hapana. Njia hiyo hutegemea kwamba chenga, zikikusanywa nyingi, wastani wake unarudi kwenye thamani ya kweli, sharti ambalo Monte Carlo isiyo na upendeleo hulitimiza. Lakini ukipitisha picha lengwa (ile ambayo mtandao hufunzwa kuikaribia) kwenye mkunjo wa kubana mwangaza kabla ya kuitumia, wastani unahama, na mtandao utajifunza picha iliyofifia kwenye sehemu zenye mwanga mkali. Ukikata vimulimuli kwenye picha lengwa, kosa ni lile lile. Kwa hiyo funza kwa jozi zenye chenga ukipenda, kwenye thamani za mwanga zisizobanwa, halafu tenga mandhari chache za majaribio na uzizalishie picha rejea kamili. Kabla ya yote hayo, endesha kichujio cha kawaida kinachotumia mwelekeo wa uso na umbali, uone kinashindwa wapi. Picha hizo za kushindwa ndizo ziwe ukurasa wa kwanza wa pendekezo lako.