Kasa na kobe kwa Kiholanzi: nisaidieni kijitabu cha mjukuu

Bibi wa Kibokoni
Assalam alaykum wanangu. Mjukuu wangu ana miaka 4, yuko Utrecht, babake Mholanzi. Namshonea kijitabu cha vipande vya leso, kila ukurasa mnyama au kitu cha nyumbani, na chini yake neno la Kiswahili na la Kiholanzi. Mamake hushinda kazini, kwa hiyo nikatumia programu ya simu. Kasa nikapewa "schildpad". Kobe, "schildpad" tena. Ngisi "inktvis", pweza "inktvis". Mpunga, mchele, wali: yote "rijst"! Simu ndiyo inayokosea, au Waholanzi ndivyo wasemavyo?
Na kiboko nakitaka ukurasa wa kwanza, maana ndilo jina la mtaa wetu hapa Mji wa Kale, Mombasa.

Baharia mstaafu, Likoni
Wa alaykum salaam bibi. Simu haijakosea. Nimeshuka Rotterdam mara nyingi, wanasema hivyo hivyo. "Schild" ni ngao, "pad" ni chura, basi kasa na kobe wote ni chura wenye ngao. Ukitaka kuwatenga, kasa ni "zeeschildpad" (zee ni bahari) na kobe ni "landschildpad". "Inktvis" ni samaki wa wino. Pweza mwandikie "octopus", ngisi "pijlinktvis", yaani wa mshale.
Sisi nasi tuna chura mmoja tu, wao wana "kikker" na "pad".
Sch isome s, kisha kh ya "sheikh". Sisi wa pwani haitusumbui.

Mwalimu wa lugha, Nyali
Shikamoo bibi. Usiandike jina peke yake, mtoto atalihitaji na "de" au "het" mbele yake, kama ngeli zetu: de kat, de hond, de schildpad, lakini het paard, farasi. Kiboko ni het nijlpaard, farasi wa Nile. Ukiongeza -je kumfanya mnyama mdogo, siku zote ni het: het katje.
Na ukurasa wa kiboko mshonee kobe pembeni. Yule mtoto wa kiboko, Owen, aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, aliletwa Haller Park kule Bamburi akamganda kobe mzee, wakawa hawaachani. Huyo alikuwa landschildpad.

Bibi wa Kibokoni
Marahaba mwanangu, na baharia Mungu akuweke. Kobe nimeshamkata, wa leso ya kahawia.
Rijst nimeamua hivi: picha tatu, mpunga shambani, mchele kwenye ungo, wali kwenye sinia. Chini maneno matatu ya Kiswahili, na rijst moja ya kupitia zote. Sipunguzi. Akija likizo nataka aniambie "bibi, nipe wali", si mchele.
Shangazi na khalti, dada wa mama, nimeambiwa wote ni "tante". Hapo Kiholanzi siandiki kabisa, naweka picha zao wenyewe.

Baharia mstaafu, Likoni
Na ami, ndugu wa baba, na mjomba pia, bibi. Wote "oom".