Mazda Roadster ya 1991 inachemsha ikiwa kasi, mjini imetulia. Nianzie wapi?

Mto_Karanga

Wakuu habari za jioni. Gari ni Roadster ya kwanza kabisa, injini B6 ya 1.6, gia za mkono, ina AC. Foleni za Moshi mjini haina shida, mshale uko karibu na katikati. Ukianza safari ya Arusha, mpando wa kutoka daraja la Kikafu mshale unanyanyuka, na kuanzia Usa River kwenda Tengeru kwa mwendo wa 80 unafika robo tatu. Ukiegesha pembeni na kuacha injini inaunguruma, unashuka wenyewe ndani ya dakika chache.

Kilichokwishafanyika: rejeta imesafishwa kwa nje, thamostati (vali inayozuia maji hadi injini ipate joto) imetolewa, feni zimeungwa dairekti, zinazunguka muda wote ukiwasha swichi. Maji hayapungui, oili haina rangi ya maziwa. Kava ya chini ya mbele haipo, ilishachanwa na matuta. Fundi anashauri mambo mawili: kununua rejeta nene ya alumini, au kuinua boneti kwa nyuma kwa kuweka washa (pete za chuma za boliti) kwenye bawaba ili joto litoke. Lipi lina maana zaidi?

Sakina B6

Mkuu, acha yote mawili kwanza. Jibu umelitaja mwenyewe bila kulitilia uzito: kava ya chini.

Gari inayochemsha ikiwa imesimama, mtafute feni. Inayochemsha ikiwa inakimbia na kutulia ikisimama, shida iko kwenye njia ya upepo au njia ya maji. Ukipita 50 kwa saa feni hana kazi kubwa tena, upepo wa mwendo ndio unaopoza.

Roadster haina grili ya juu. Upepo wote unaingia mdomo mmoja ulio chini kwenye bampa, na rejeta iko mbali nyuma ya huo mdomo. Sakafu ya ile nafasi katikati ni hiyo kava. Ikiwa haipo, upepo ulioingia una njia mbili: ujipenyeze kwenye mapezi ya kondensa (ile ya AC iliyo mbele) kisha ya rejeta, au uteremke chini kwenye lami. Upepo haupendi kazi, utateremka. Halafu kuna hasara ya pili ambayo watu hawaioni: upepo unaopita chini ya gari unapanda na kujaa chumba cha injini, presha nyuma ya rejeta inaongezeka. Kinachosukuma upepo upite kwenye rejeta ni tofauti ya presha ya mbele na ya nyuma. Umepunguza ya mbele, umeongeza ya nyuma, sasa rejeta nene itakusaidia nini? Tena nene ni ngumu zaidi kupitisha upepo kuliko hiyo uliyonayo.

Kagua na haya:

Pleti namba. Kama hiyo ya njano ndefu imefungwa katikati ya mdomo, ihamishe juu kwenye uso wa bampa. Taa za ukungu na honi za ziada zisikae mdomoni.

Pembeni mwa rejeta, kulia na kushoto, tazama kwa tochi. Mwanga ukipita, upepo unapita. Ziba kwa mpira wa milango ya gari, ule wa mtumba unaouzwa kwa mita, au mpira mwingine usionyonya maji. Sponji ya godoro usiweke, inanyonya, inaoza na kushika vumbi. Ziba pia uwazi kati ya kondensa na rejeta, na ule wa juu chini ya kufuli la boneti.

Katikati ya kondensa na rejeta penyewe. Kusafisha kwa nje mara nyingi ni kusafisha uso wa kondensa tu. Legeza boliti za juu za rejeta, irudishe nyuma kidogo, uone. Kwa njia zetu za vumbi na makapi utakuta blanketi la uchafu mle. Piga maji ya bomba ya kawaida kutokea upande wa injini kwenda mbele. Mashine ya presha inalaza mapezi, na pezi lililolala ni upepo uliofungiwa mlango.

Boma_Ng'ombe Garage Boy

Mi naona ainue boneti tu mkuu. Washa mbili kila upande, joto linapaa lenyewe, unaliona kabisa likitoka. Haina gharama.

Sakina B6

Unaliona likitoka gari ikiwa imesimama, na hapo gari yake haina shida. Ikiwa kwenye 80, chini ya kioo cha mbele ni sehemu yenye presha kubwa, kwa sababu upepo unaopita juu ya boneti unagonga kioo na kusongamana pale. Ukifungua upenyo huo, upepo unaingia ndani ya chumba cha injini badala ya kutoka. Unaongeza presha nyuma ya rejeta, yaani unazidisha ugonjwa alionao.

Usiniamini kwa maneno. Kata nyuzi za sufi za sentimita 10, zibandike kwa selotepu kwenye ukingo wa nyuma wa boneti, kisha mwenzako apige video ya simu mkiwa 60 hadi 80. Zikilala kuelekea ndani, umepata jibu. Matundu ya boneti yanayofanya kazi ni yale yanayokatwa mbele, mara tu nyuma ya rejeta, ambako presha ya juu ya boneti iko chini. Lakini hayo ni ya mashindano, kwa matumizi ya barabara Mazda hawakuyahitaji.

Njiapanda 1.8

Naunga mkono kava, ila kabla ya kukunja bati la kuitengeneza, hakikisha kwanza ni upepo na si maji. Nunua vipimajoto viwili vidogo vya kidijitali vyenye waya, vinavyosoma hadi nyuzi 110. Kichwa kimoja kibane kwenye chuma ambako hozi ya juu inatokea kwenye injini, kingine pale hozi ya chini inapoingilia. Funika kwa kipande cha mpira na kufunga, la sivyo utasoma joto la chumba. Waya uingie ndani, usome ukiwa kwenye mpando wa Kikafu.

Juu ikisoma 104 na chini 100, maji yanazunguka vizuri ila upepo haubebi joto. Hiyo ni kesi ya Sakina. Juu ikiwa 104 na chini 75, maji yanapita polepole: rejeta imeziba ndani au pampu imechoka. Kwa kuziba, rejeta hii maji yanateremka kutoka tanki la juu kwenda la chini, kwa hiyo mirija iliyoziba utaigusa kama mistari ya wima iliyopoa baada ya kuzima injini. Tazama na rangi ya lile tanki la plastiki la juu. Jeusi ni zima. Likigeuka kahawia au kijani limeungua na litapasuka, hapo badilisha rejeta hata kama haijavuja, na ya unene wa kawaida inatosha.

Feni dairekti: shika karatasi mbele ya mdomo, injini ikiwa imesimama na feni inazunguka. Inatakiwa ivutwe. Ikisukumwa, nyaya zimegeuzwa, feni inapuliza mbele na kupigana na upepo wa mwendo. Gari ikisimama bado feni inapoza kiasi, ndiyo maana mjini huoni. Kisha rudisha mfumo wake. Kwenye kisanduku kilichoandikwa DIAGNOSIS unganisha matundu ya TFA na GND kwa kipande cha waya, swichi ikiwa ON. Feni kuu ikizunguka, rilei na mota ni nzima, na kilichokufa ni swichi ya joto kwenye nyumba ya thamostati, ambayo huwasha feni kwenye nyuzi 97 hivi.

Na thamostati irudishwe, ya nyuzi 88, kile kipini kinachocheza kikae juu ili hewa ipite. Bila hiyo kwenye mteremko injini inapoa mno, kompyuta inaongeza petroli, silinda zinaosheka oili. Hadithi kwamba maji yakienda kasi hayapati muda wa kupoa si kweli, sababu ni hizo.

Tengeru Mpandoni

La maji msilipite haraka. Arusha tuko mita 1,400 hivi, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 yakiwa wazi. Mfuniko wa rejeta wa 0.9 (baa) ukishika presha unasogeza kuchemka hadi karibu 116. Mpira wake ukiwa umekufa, unarudi kwenye 95 na thamostati ya 88 haikuachii nafasi. Hewa nayo ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi kulinganisha na Tanga au Dar, kwa hiyo kila upenyo unaovuja hapa unauma zaidi. Kutoka uwanja wa ndege wa KIA hadi Arusha mjini unapanda kama mita 500, na ukikaa nyuma ya lori muda wote huo, mdomo haupati upepo.

Mfumo unachukua lita 6. Baridi ya kugandisha hatuna, hivyo lita 2 za kulanti isiyochanganywa na lita 4 za maji zinatosha. Kulanti usiiache kabisa, bloku ni chuma cha kalibu na hedi ni alumini, bila dawa vinalana. Maji ya bomba na visima vya huku yana madini mengi, yanaacha magadi ndani ya mirija. Tumia maji ya betri ya kuongezea, yale yasiyo na asidi, soma chupa. Kujaza: pua ya gari iangalie mlimani, hita kwenye joto kamili, mfuniko wazi hadi hozi ya chini ipate moto.

Mto_Karanga

Asanteni sana. Karatasi imesukumwa, nyaya za feni zimegeuzwa kweli. Naanza na hiyo pamoja na kava. Nitumie bati la alumini au plastiki?

Sakina B6

Plastiki ya pipa la bluu, ukate upande ulio bapa, milimita 3 hadi 4. Inapinda ikigonga tuta na kurudi, alumini itabaki imekunjika na kukwaruza. Ianzie ukingo wa chini wa bampa, ipite chini ya rejeta, ifike kwenye chuma kinachobeba injini. Boliti za M6 na washa pana, angalau nne mbele na mbili kila upande, matundu yawe marefu kidogo maana plastiki inatanuka. Ukingo wa mbele wa kava uwe juu ya huo ukingo wa bampa, yaani kwa ndani, usiwe chini yake, upepo usije ukaing'oa. Na toboa tundu la kumwagia oili, ndilo linalofanya mafundi waitoe kava na kuisahau.