Binti yangu ameitwa shule ya Wakatoliki, babu yake hataki. Naomba ushauri

Mama wa Tudor
Asalaam aleikum, na habari zenu nyote. Binti yangu ameitwa gredi ya kumi katika shule ya umma inayofadhiliwa na Kanisa Katoliki, hapa hapa kisiwani Mombasa, ya kutwa. Sisi ni Waislamu na mtoto amelelewa madrasa. Babake hana neno, ila babu yake anasema tunampeleka kwa watu watakaomgeuza, tuombe uhamisho. Tulipokwenda kuchukua fomu, nilimwona msichana mkubwa amekaa barazani akimwelewesha mwenzake hesabu, daftari magotini, wala hakuna mwalimu aliyewasimamia. Moyo wangu ukatulia. Sasa nataka kujua: watu hawa wanaamini nini hasa kuhusu kumlea na kumsomesha mtoto? Habari za alama nimezisikia, zimetosha.

Mwalimu Mstaafu
Waaleikum salaam, mama. Mimi ni Mkatoliki na nimefundisha shule za aina hiyo maisha yangu yote ya kazi. Msingi wake ni tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki wa dunia nzima, juu ya elimu, *Gravissimum Educationis*, la tarehe 28 Oktoba 1965. Humo mzazi ndiye mlezi wa kwanza na mkuu. Shule humsaidia, haimwondoi mahali pake. Mtoto naye hulelewa mzima, akili, tabia na roho, ili akikua awafae wenzake. Ulichokiona barazani ndicho hicho.

Siku iyo hiyo Mtaguso ulitoa tamko la *Nostra Aetate*, linalosema Kanisa linawatazama Waislamu kwa heshima. Na mwaka 1988 ofisi ya Vatikano inayosimamia elimu ilitenganisha somo la dini na katekesi. Somo humpa mwanafunzi maarifa. Katekesi ni ya kumkuza aliyekwisha kuamini. Mwambie mzee, kwa heshima zake zote, kwamba mwalimu anayemlazimisha mtoto dini anakwenda kinyume na Kanisa lake mwenyewe.

Baba Bamburi
Maneno ya mwalimu ni kweli, lakini mimi ni Mkatoliki na wanangu wamepita huko. Kuna shule ambayo falsafa yake imeandikwa vizuri getini, ndani ni mitihani tu. Wangu alikuwa darasani kabla jua halijachomoza, na michezo ikafutwa muhula mzima. Mama, omba ratiba ya wiki uisome. Kama hakuna saa ya michezo, vyama wala kuwahudumia wasiojiweza, hayo ya kumlea mtoto mzima hayapo.

Wa Kizingo
Kwa upande wa sheria: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mfadhili kazi ya kuendeleza malezi ya kiroho, na papo hapo inamtaka alinde dini za wengine. Hijabu ni jambo jingine. Januari 2019 Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa 2016 ulioiruhusu katika shule moja ya Isiolo inayofadhiliwa na Wamethodisti. Kwa hivyo usidhani tu kwamba ataruhusiwa. Uliza mapema, upewe jibu kwa maandishi.

Binti Likoni
Dada, mimi Muislamu, nimesoma kwa masista. Wakati wa sala nilisimama kimya, siku ya misa tulikaa maktaba. Sikugeuka. Wenzangu walikuwa wakiniuliza mambo ya dini nisiyoyajua, nayarudisha kwa ustadhi wangu mpaka anacheka. Kilichoniuma ni kwamba hapakuwa na mwalimu wa somo la dini ya Kiislamu, nikafanyia mtihani somo la Kikristo. Hilo ulizia kwanza.

Mama wa Tudor
Mungu awalipe kheri nyote. Babu yake nimemsomea ya mwalimu na ya Binti Likoni. Amesema uhamisho ungoje, ila atakwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu kuuliza habari za hijabu, sala ya Ijumaa na huyo mwalimu wa dini. Jumatatu tunakwenda pamoja, na ratiba nitaiomba.

Mwalimu Mstaafu
Vizuri sana. Na binti mwende naye, asikie mwenyewe.