GLFW: kuficha dirisha au kulifunga kabisa?

mchoraji3D: Wakuu, nina programu ya kuonyesha modeli za 3D, madirisha mawili, nimetumia GLFW (maktaba ya kufungua madirisha ya OpenGL). La pili likifungwa na kufunguliwa tena, VRAM (kumbukumbu ya kadi ya picha) inapanda, hairudi. Nitumie glfwHideWindow au glfwDestroyWindow? Kazi naikabidhi wiki ijayo.

bafa_tupu: Mkuu, hapo bado hujasema kitu. OpenGL toleo lipi? Kigezo cha mwisho cha glfwCreateWindow, kile cha kushirikiana data na dirisha jingine, ni NULL au dirisha la kwanza? Klasi zako zinaita glDelete (amri za kufuta data kwenye kadi) lini?

mchoraji3D: 3.3. Dirisha la kwanza. Destrakta (kazi inayojiita klasi ikifa) ndiyo inafuta, baada ya dirisha kufungwa.

bafa_tupu: Basi umeshachelewa. glfwDestroyWindow inaondoka na konteksti yake (hali ya OpenGL ambayo amri zote zinaihitaji); glDeleteTextures ikiitwa wakati hakuna konteksti nyingine iliyo kazini, haifuti kitu, na wakati mwingine programu inaanguka. Kwa kuwa konteksti zinashirikiana, teksta (picha inayobandikwa kwenye modeli) inabaki hai hadi konteksti ya mwisho kwenye kundi ife. Teksta moja ya 4096×4096 RGBA8 (baiti 4 kwa pikseli) ni MiB 64, na mipmapu zake (nakala ndogondogo) jumla kama 85. Zidisha mwenyewe.

MamaSheda: Ficha tu! Likirudi hupakii chochote upya.

bafa_tupu: Na mwenye kadi ya GB 2, dada?

kisiwa64: Kuna baya zaidi ya VRAM. Teksta, bafa (data ya modeli) na sheda (programu ndogo za kadi) zinashirikiwa. VAO (mpangilio wa data ya vipeo) na FBO (mahali pa kuchorea nje ya skrini) hazishirikiwi. Kila konteksti ina VAO namba 1 yake. Destrakta ya dirisha la pili ikiendeshwa wakati konteksti ya la kwanza ndiyo iko kazini, glDeleteVertexArrays inafuta namba 1 ya dirisha la kwanza. Hilo linabaki tupu, kosa halionekani usipoita glGetError, na mtu anakesha akikagua sheda ambazo ni nzima. Kwa hiyo: glfwMakeContextCurrent ya dirisha linalofungwa, futa VAO na FBO, kisha teksta zisizotumika kwingine, ndipo glfwDestroyWindow. Ila mimi ningehamia SDL2, maktaba nyingine ya madirisha: konteksti na dirisha ni vitu viwili, unaua dirisha unabaki na konteksti.

pembetatu: Vulkan, mbadala wa OpenGL, ndiyo dawa. Kufunga dirisha: subiri kwa vkDeviceWaitIdle, kisha futa imeji viu, swapcheni (foleni ya picha za skrini), halafu sefesi (kiungo cha dirisha). Kifaa na teksta havigusiki.

MamaSheda: Mistari elfu moja kuchora pembetatu! Kazi ni wiki ijayo, jamani.

pembetatu: Lakini tabaka za ukaguzi zinakutajia kila kitu ulichosahau kufuta kabla ya vkDestroyDevice. OpenGL inakaa kimya.

mchoraji3D: Na teksta zilizo kwenye vigeu vya static je?

kisiwa64: Destrakta zake zinakuja baada ya main kuisha, glfwTerminate imeshapita. Ziondoe kwenye static. Weka msimbo hapa, kuanzia glfwWindowShouldClose.