Albamu ya mkongwe wa rock: nichukue Luck and Strange, Hackney Diamonds au Blackstar?

MtuWaMkunazini
Asalam alaykum wadau. Shangazi yangu anakuja likizo kutoka Uingereza mwezi ujao, kaniuliza nataka nini nkamwambia CD moja tu maana begi lake lishajaa vitu vya watu. Sasa nimekwama nichague ipi. Nataka albamu ya mkongwe, yani mtu kashaimba miaka hamsini na bado kaingia studio akatoa nyimbo mpya, sitaki ule mkusanyiko wa nyimbo za zamani zilizopakwa rangi. Ntaisikiliza na ami yangu, yeye ndo alonitia kwenye mambo haya, toka ujana wake mtu wa Pink Floyd na Stones na redio yake ya CD bado nzima, ile ya spika mbili za mbao. Zilobaki ni tatu: Luck and Strange ya David Gilmour, mpiga gitaa wa Pink Floyd (2024), Hackney Diamonds ya Rolling Stones (2023), na Blackstar ya David Bowie (2016). Kwenye simu nshazipitia juu juu lakini spika ya simu huwezi kuhukumia kitu. Anaezijua anambie na sababu, msinambie "zote nzuri".

Shangani_Rock
Wa alaykum salaam. Stones, hapana haja ya kufikiri. Mick Jagger, mwimbaji wao, alikua na miaka 80 ilipotoka na anaimba kwa nguvu ile ile, na hii ndo albamu yao ya mwanzo yenye nyimbo zao wenyewe toka A Bigger Bang ya 2005, ile ya katikati ya 2016 ilikua blues za watu wengine. Charlie Watts, mpiga ngoma wao, kishafariki Agosti 2021 lakini yumo kwenye nyimbo mbili, na kwenye moja kati ya hizo, Live by the Sword, wamemrejesha Bill Wyman kwenye besi, mtu alotoka bendi toka mwanzo wa miaka ya 90. Paul McCartney nae kapiga besi kwenye Bite My Head Off. Sweet Sounds of Heaven yuko Lady Gaga na Stevie Wonder. Ami akiwa mtu wa Stones atainuka kwenye kiti.

BintiWete
Kaka, mie nasema Blackstar na nasema kwa moyo wote. Bowie alikua anaumwa saratani na watu hawajui, akaenda kuwachukua wapiga jazz wa New York, Donny McCaslin kwenye saksafoni na wenzake, akatengeneza nao kitu ambacho hakijafanana na chochote alichofanya kabla. Imetoka 8 Januari 2016, siku anatimiza miaka 69, siku mbili baadae akafariki. Nyimbo 7 tu, wa mwanzo peke yake karibu dakika 10, unaanza mahala pengine na kuishia pengine kabisa. Angeweza kukaa akarudia ya zamani na watu wangenunua tu, yeye kaenda mbele. Ile ndo maana ya msanii kwangu.

Mbweni_85
Mnazungumza rock Zanzibar na hakuna alomtaja Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen alozaliwa hapa hapa? Innuendo ya Queen, Februari 1991, mtu anaumwa vile na sauti imesimama vile, na Novemba hiyo hiyo akafariki.

MtuWaMkunazini
Freddie ni wetu na Innuendo ami anayo toka zamani, ila alifariki na miaka 45, hakuupata uzee. Mie nataka kusikia mtu kazeeka kwenye albamu yenyewe.

kanuni_na_fidla
Sheikh, ukishasema hivo jibu ushalipata, chukua Luck and Strange.

Mie sitokei kwenye rock, mie mtu wa taarab, napiga kanuni, ile ala ya nyuzi, kwa hivyo nasikiliza nyuzi kwanza halafu ndo mengine. Gilmour kazaliwa 1946, ilipotoka Septemba 2024 ana miaka 78, na albamu ya kabla yake ilikua Rattle That Lock ya 2015. Mtu wa umri ule na jina lile mara nyingi hufanya kazi na watu wale wale wa siku zote ambao hawawezi kumwambia kitu. Yeye kamchukua prodyuza mdogo kwake kwa umri, Charlie Andrew, anaejulikana kwa kazi za bendi ya alt-J, na yule bwana hakumuogopa hata kidogo, alikua anamuuliza kwa nini hapa lazima pawe na solo ya gitaa, na kwa nini nyimbo zote ziishe kwa kufifia. Gilmour huyo, anaulizwa hivo! Na kamsikiliza. Ndo maana solo zipo lakini kila moja ina kazi yake. Skizeni Scattered ya mwisho, solo inaanzia kwenye gitaa kavu, noti moja moja kama mtu anatafuta neno, halafu gitaa la umeme linaipokea na kuipeleka juu.

Lakini mie nilipokaa ni Between Two Points. Wimbo wenyewe si wa Gilmour, ni wa bendi ya Montgolfier Brothers, na hapa anaimba binti yake Romany na ndie anaepiga kinubi. Kanuni yetu kila noti ina nyuzi tatu na tunadonoa kwa kucha tunazovaa vidoleni, sauti inatoka kali, inang'ara, inapita juu ya fidla zote. Kinubi cha yule binti anadonoa kwa vidole vitupu, sauti mviringo, inakaa chini ya uimbaji wake bila kuubana. Na baba anangoja. Binti akishasema yake ndo gitaa la baba linakuja na solo. Nimecheza na wazee wengi wenye jina na najua ilivyo tabu kwa mzee kungoja zamu yake, wengine hawawezi mpaka leo.

Na ami yako akiwa mtu wa Pink Floyd, wimbo wenye jina la albamu anapiga kinanda Rick Wright, mwenzake Gilmour wa Pink Floyd, alofariki 2008. Walirekodi 2007 kwenye ghala nyumbani kwa Gilmour, wakipiga tu, na wimbo umejengwa juu ya pale.

Shangani_Rock
Yakhe umesema vizuri, ila ile albamu ni pole mno. Ukiisikiliza baada ya chakula cha mchana unalala.

kanuni_na_fidla
Pole ndio, lakini haijalegea. Na mie Hackney Diamonds naipenda, tatizo langu ni namna ilivyosafishwa, prodyuza wao Andrew Watt kaing'arisha mpaka sauti ya Jagger haina umri. Kwenye wimbo wa mwisho tu, ule wa Muddy Waters ambao bendi ilichukulia jina, wamebaki Jagger na mpiga gitaa Keith Richards peke yao, gitaa na kinanda cha mdomo, ndo nkawasikia wazee wenyewe. Ningetaka albamu nzima iwe vile. Sauti ya Gilmour imepungua, juu hafiki kama zamani na ina mkwaruzo, na wameiacha hivo hivo, na maneno mengi kaandika mkewe Polly Samson, yanazungumzia umri na kufa, sasa sauti na maneno vinakwenda pamoja. Sisi huku tulimsikiliza Bi Kidude mpaka kawa ajuza, anapanda jukwaani Ngome Kongwe kwenye Sauti za Busara na sauti imekwaruza vile, na hakuna alotaka aisafishe. Tulikua tunaifuata ile ile.

BintiWete
Hapo kwa Bi Kidude nimekuelewa. Ila hata Bowie hakujificha, maalim, kwenye Blackstar unamsikia anavyovuta pumzi. Narudi pale pale, ujasiri wa ile hakuna kati ya hizi tatu alofikia. Tatizo ni kusikiliza na mtu mzima, mie niliiweka mbele ya mama akaniomba niizime, kasema inamtia huzuni kifuani. Kaka, ami yako moyo wake ukoje?

MtuWaMkunazini
Dada hapo umenigusa, ami kafiwa na rafiki yake waliokua wakisikiliza wote, mwaka huu huu. Blackstar ntaisikiliza mwenyewe kwa hedfoni, usiku, naiheshimu lakini si ya kumuwekea yeye sasa hivi. Stones ningeichukua kama ami angekua anataka kuchangamshwa tu. Hii habari ya Rick Wright kuwemo na kishafariki ndo iliyonikata, nataka kumuona ami uso wake akisikia kile kinanda. Gilmour basi. Nimwambie shangazi CD au santuri? Kuna jamaa ana mashine ya santuri hapa mtaani.

kanuni_na_fidla
CD. Mwisho wameweka mbili za ziada baada ya zile 9, na moja ndo yale mapigo yenyewe ya ghalani ya 2007, dakika 14 hivi, kabla hawajaufanya wimbo. Muwekee ami ile kwanza halafu ndo umpigie wimbo uliotoka humo, atasikia mwenyewe kilichobaki na kilichoongezwa.

Shangani_Rock
Hackney Diamonds ninayo mie, ya CD vile vile. Ijumaa baada ya sala nije nayo au mnanikataza?

MtuWaMkunazini
Njoo, ami atafurahi. Nshamtumia shangazi ujumbe, nimemwandikia na idadi ya nyimbo asije akaletewa nyengine.