Niko kwenye dozi ya TB na vidonge vya majira, naona damu katikati ya mwezi

MamaWawili: Wakuu habari zenu. Niko mwezi wa 3 wa dawa za TB. Vidonge vya majira nameza mwaka wa 4 huu, sijawahi kuruka hata kimoja. Tangu nianze dozi natokwa matone ya damu katikati ya mwezi. Jirani anasema nipumzishe dawa za TB kwanza. Mtoto wangu wa mwisho nilijifungua kwa upasuaji, naogopa sana mimba sasa hivi. Nifanyeje?

MfamasiaPwani: Pole dada. Dawa za TB usiache hata siku moja, ukikatisha vimelea vinajenga usugu. Tatizo liko kwenye vidonge. Ini lina vimeng'enya, yaani protini za kuvunjavunja vitu, vinavyovunja estrojeni (homoni ya kike), iwe ya mwili wako au ya kidonge. Kimojawapo kinaitwa CYP3A4. Sasa rifampisini, dawa ya TB hiyo hiyo inayogeuza mkojo rangi ya chungwa, hulifanya ini litengeneze kimeng'enya hicho kwa wingi. Homoni uliyomeza inavunjwa upesi mno na kutoka kwa mkojo na nyongo. Ukuta wa mji wa mimba unakosa cha kuushikilia, ndiyo hayo matone. Na yai linaweza kupevuka, kwa hiyo pima mimba kwanza. Kumeza viwili viwili hakusaidii, tafadhali usijaribu.

Nesi_Mstaafu: Mwanangu, nenda kliniki uwaambie uko kwenye rifampisini. Sindano ya miezi 3 haiathiriki, na kitanzi cha shaba hakina homoni kabisa. Kijiti kinaweza kupungua nguvu. Kwa sasa mzee atumie kondomu. Hata ukimaliza dozi, usitegemee vidonge mpaka zipite wiki 4, maana ini halitulii siku hiyo hiyo.

Kijana255: Kwani amoksilini nayo si hivyo hivyo? Mke wangu aliambiwa.

MfamasiaPwani: Hapana mkuu, amoksilini haichochei vimeng'enya vya ini. Hofu hiyo ilitokana na bakteria wa utumbo. Ini hufunga estrojeni na kuimwaga kwenye nyongo, bakteria wanaifungua kwa kimeng'enya chao, sehemu inarudi kwenye damu. Watu wakadhani antibayotiki ikiua bakteria hao, kidonge kinashindwa. Kwa antibayotiki za kawaida haijathibitika. Ila akitapika au kuharisha sana, hapo awe mwangalifu.

MamaWawili: Asanteni sana. Nimepima leo asubuhi, hakuna mimba. Narudia kipimo baada ya wiki 3, na kesho naenda kuulizia kitanzi. Dawa za TB nimeshameza.