Kumpeleka mtoto karate: unamjenga tabia au unafuga mbabe?

MLETA MADA:
Wakuu habari za jioni. Nina dogo wa miaka tisa, tangu mwaka jana anaenda karate kila jumamosi asubuhi, na sasa hapa nyumbani kuna kesi haijaisha. Mwezi uliopita niliitwa shule, dogo kampiga mtama mwenzie kwenye foleni ya uji, kikombe kule, mtoto wa watu kule. Mama watoto anasema haya ndo matunda yangu, nimetoa hela mtoto afundishwe kupiga watu.

Mimi nabisha. Huyu dogo zamani alikuwa ananyang'anywa hela ya mihogo mpaka na watoto wa darasa la pili, anarudi analia, ukimuuliza haongei. Na hiyo miezi ya kwanza dojo, yaani ukumbi wa karate, sikuona hata ngumi ya maana, ni kuvua viatu na kuvipanga, kuinama mlangoni, kupiga magoti kimya, kufunga mkanda. Mkanda ndo ulimtesa, siku moja sensei, mwalimu wao, kamfungulia mbele ya wenzie kamwambia funga tena, kafunga mara nne, ya tatu machozi yanalenga lenga lakini hakuondoka. Huyo huyo ambaye nyumbani akishindwa hesabu anatupa daftari.

Na karate Dar sio kitu cha juzi, Sensei Bomani, Mmarekani mweusi, alianzisha dojo pale shule ya Zanaki mwaka 1973 wakaliita Hekalu la Kujilinda. Kujilinda, sio kupigana. Sasa nyie mnasemaje, nimtoe au abaki?

MDAU 1:
Mtoe mkuu. Kuna utafiti wa Norway ulitoka 2005, walifuatilia wavulana wa miaka 11 mpaka 13 wanaocheza ndondi, mieleka, kunyanyua vyuma na hizo karate zenu, wakakuta wanaozidi kuwa wakorofi ndo hao, na sio ukorofi wa ulingoni, ni wa mtaani na shuleni. Nimesoma nikacheka maana mtaani kwetu ndo hivyo hivyo. Halafu hiyo mikanda siku hizi ni biashara tu, wa kwangu alipandishwa mikanda miwili ndani ya miezi minne na kata ya kwanza, ule mfululizo wa mapigo ya kukariri, alikuwa anaisahau katikati, ukilipa ada ya mtihani umefaulu. Hapo mtoto anajifunza nini kama sio kwamba cheo kinanunuliwa?

MDAU 2:
Mi naomba niulize kama mama. Mtoto ukimpa ufagio nyumbani ananuna, ila akifagia dojo mnasema nidhamu? Madrasa wanakaa kimya, kwaya wanakaa kimya, mpira nao una kocha mkali. Mnawaacha watoto na katuni wiki nzima halafu jumamosi mnataka sensei awalelee kwa saa moja na nusu.

MDAU 3:
Dada umeua 😂 ila wa kwangu wa kike simtoi, tangu aanze anajua kusema "acha" kwa sauti ya tumboni, konda wa daladala mwenyewe alishtuka.

MLETA MADA:
Mdau 1 huo utafiti sikatai, ila umechanganya vyuma na karate kwenye sufuria moja. Kuna mwingine wa Marekani wa 1986, Trulson alichukua vijana wa miaka 13 mpaka 17 waliokuwa na makosa, kundi moja likafundishwa taekwondo, ndugu ya karate kutoka Korea, ile ya asili na heshima zake zote na kutafakari, lingine likafundishwa kupigana tu. Baada ya miezi sita la kwanza hasira zimeshuka, la pili limekuwa baya kuliko lilivyoingia. Teke ni lile lile, kilichotofautiana ni mwalimu anasisitiza nini. Kundi ni dogo nakubali, lakini linaeleza kwanini wa kwako kaharibika na wa kwangu bado namtetea.

Maana ile kesi ya uji nilimwambia sensei. Hakupiga kelele, alimvua mkanda akamkalisha pembeni darasa zima, jumamosi iliyofuata akampa kazi ya kushikia pedi, ule mto wa kupigia, watoto wa miaka mitano wapige, yeye asirudishe hata moja. Kuna katoto kalimpiga teke la kidole, nilimuona dogo kakunja uso, kameza mate, kanyoosha pedi tena. Sasa huyu sensei ningekuta kamsifia kwa ule mtama ningemtoa siku hiyo hiyo, kwahiyo ushauri wangu kwa mwenye mtoto usimshushe getini ukaondoka, kaa benchi uangalie anayeonea wenzie anafanywaje.

Mdau 2 la ufagio sina jibu, leo asubuhi kagoma kutandika kitanda.

Mama watoto kakubali kuja jumamosi hii. Ila kasema anakuja na daftari, atahesabu sensei kasema "piga" mara ngapi na "acha" mara ngapi.

MDAU 2:
Tuletee mrejesho, na hesabu afanye yeye sio wewe.